Radhi za Kapteni Andriantsilavo

Katika Antananarivo nzima hapakuwa na mtu aliyejua kuomba radhi kama Kapteni Andriantsilavo. Aliomba radhi harusini, aliomba radhi msibani, aliomba radhi hata pale watu walipofungua makaburi ya wazee wao na kuwavisha sanda mpya. Akisimama kutoa kabary, hotuba ile ya heshima ambayo bila yake Mmalagasi haoi wala hazikwi, alianza kwa kujivua lawama kama desturi inavyotaka. Yeye si mkubwa, ni kitinda mimba tu. Hakustahili kufungua mdomo mbele ya baba zake. Waliokaa wamsamehe kwa kuwa amesimama, na waliosimama wamsamehe kwa kuwa hakuwapa viti. Angeweza kwenda hivyo nusu saa nzima bila kurudia neno, wazee wakitikisa vichwa na akina mama wakifuta machozi. Na katika miaka yote hiyo ya kuomba radhi, hakuwahi hata siku moja kukiri kosa alilolifanya yeye mwenyewe. Mkewe angekuthibitishia hilo, wala asingepunguza sauti.

Kazi iliyomlisha ilikuwa urubani. Aliendesha ndege ya mapangaboi mawili ya shirika moja dogo, kutoka mji mkuu kwenda miji ya pwani ya kaskazini mashariki, kule kunakonyesha mpaka vyura wanachoka. Sifa yake kubwa ilikuwa moja: hajawahi kuwarudisha abiria walikotoka. Wenzake waliona wingu wakageuza; yeye alifika. Wingu likimwona, alipenda kusema, linajua nani anapita. Watu walicheka, yeye akacheka nao, lakini moyoni alikuwa anaamini kabisa.

Wakubwa wa shirika hawakuwa vipofu. Mwaka uliotangulia walimleta mkufunzi kutoka ng'ambo aje awafundishe marubani unyenyekevu, kwamba mkubwa asikilize na mdogo aseme. Asubuhi mkufunzi alieleza, na mchana marubani wadogo walitakiwa wafanye mazoezi ya kumwambia kapteni neno moja tu, "hapana". Lakini haiwezekani mgeni afundishe nusu siku bila kushukuriwa, na aliyechaguliwa kumshukuru ni Kapteni Andriantsilavo. Alishukuru mpaka jua likazama. Mazoezi yakaahirishwa, mkufunzi akaondoka na machozi machoni, na vyeti vya unyenyekevu vikagawiwa. Cha Kapteni kilitundikwa sebuleni kwenye fremu ya dhahabu.

Basi Jumamosi ile, katikati ya msimu wa vimbunga, familia nzima ilikuwa inakwenda Sambava kuposa. Mwenye kuposa ni Tahiry, mtoto wa pekee wa Bodomalala, na Bodomalala ni dada mkubwa wa Kapteni, mwanamke ambaye hata mapadri walimpisha njiani. Posa ya Kimalagasi inaitwa paja la kondoo. Siku hizi paja lenyewe limekuwa bahasha, lakini maneno hayajapungua hata kidogo. Upande wa mume unaleta msemaji wake, upande wa mke unaleta wake, na hao wawili wanapambana kwa adabu mbele ya watu wote. Msemaji wa upande wa mume akichelewa, akiteleza, akisahau kumtaja bibi fulani, anatozwa faini palepale na watu wanamcheka kwa miaka.

Msemaji wa upande wa mume, bila shaka, alikuwa Kapteni. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake ili aendeshe ndege hiyohiyo itakayompeleka kwenye hotuba. Na huko Sambava alikuwa anasubiriwa na Mzee Tombozafy, mkulima wa vanila, ambaye watu walisema hajawahi kushindwa na msemaji yeyote kutoka nyanda za juu. Jambo hilo lilikuwa limemnyima Kapteni usingizi. Watu wa nyanda za juu wanaamini kuwa kabary ni mali yao, na kwamba watu wa pwani wanaiazima tu siku za sikukuu. Kushindwa na mkulima wa vanila, tena mbele ya Bodomalala! Heri kufa.

Ndivyo alivyojisemea, heri kufa, wakati anakwenda kuchukua habari za hali ya hewa.

"Kapteni," alisema bwana wa hali ya hewa, "kimbunga chenyewe kiko mbali baharini, lakini mikono yake imeshaigusa Sambava. Marubani wa ndege nyingine wameona wangoje mpaka kesho. Lakini wewe unajua zaidi."

"Kweli, najua zaidi," alikubali Kapteni, na kwa maoni yake mashauriano yalikuwa yamekwisha.

Rubani wake msaidizi siku hiyo alikuwa Domoina, msichana aliyepewa jina la kimbunga kilichoezua nyumba ya wazazi wake wiki aliyozaliwa. Jina lilikuwa la kimbunga lakini malezi yalikuwa ya nyumba ya mchungaji. Hakuweza kupita mbele ya watu wazima wawili bila kuinama, mkono mmoja mbele, akinong'ona samahani hadi amalize. Marubani wengi walipenda kuruka naye kwa sababu hakuwasumbua. Alikuwa ameongeza mafuta ya kutosha kufika uwanja wa Antsiranana, kule kaskazini, kama Sambava itakataa, na Kapteni alipouliza kulikoni, alijibu kwamba siku ya posa si vizuri kwenda na tangi lisilojaa. Kapteni alilipenda jibu hilo.

Wakaondoka. Nyuma kulikuwa na ukoo mzima, wamejifunga mabegani lamba, zile shuka zao za hariri, akina baba na kofia zao magotini, na abiria wengine waliobaki kwenye viti vya mkiani. Bodomalala alikaa kiti cha mbele kabisa, ameikumbatia bahasha.

Safari ilianza vizuri. Kapteni alikuwa anaendesha kwa mikono na kutunga kwa kichwa. Alikuwa amefika kwenye sehemu ya kuwasalimu mababu wa upande wa mke aliposikia sauti ndogo kutoka kiti cha kulia.

"Kapteni."

"Naam, mwanangu."

"Kapteni, mimi si mkubwa humu, ni mtoto tu. Wala si kwamba hakuna mwenye haki ya kusema kabla yangu..."

Kapteni aligeuka, uso umemng'aa. Hakujua kwamba binti huyu ana kipaji.

"Hebu ngoja," alisema. "Umeruka wazee."

"Wazee gani, Kapteni?"

"Waliokutangulia kazini. Umeniomba radhi mimi, sawa. Na marubani wote waliowahi kukaa kwenye kiti hicho, je? Anza upya, polepole."

Domoina akatupia jicho rada. Kwenye kioo cha rada mvua ya kawaida ni kijani, nzito ni njano, na ile ambayo rubani mwenye akili zake haingii ni nyekundu. Mbele yao palikuwa njano. Akaanza upya. Akawaomba radhi marubani waliotangulia, walio hai na waliofariki, na kwa haraka aliyokuwa nayo akawasahau mafundi. Kapteni akamkumbusha mafundi. Akawaomba radhi mafundi. Alipolifikia jambo lenyewe, njano ilikuwa imegeuka.

"Basi, nikiwa nimekwisha kuvuliwa lawama," alisema, "nathubutu kusema kwamba wapo watu, si mimi, wanaoona kuwa rangi nyekundu inapendeza zaidi kwenye lamba ya bibi harusi kuliko kwenye rada ya mjomba wa bwana harusi."

Kapteni akapiga mkono wa kiti. "Lo! Hapo umesema! Nani kakufundisha?"

"Hakuna, Kapteni. Sasa tufanye nini?"

"Utaniruhusu niitumie mchana? Hiyo ya lamba?"

"Itumie tu, Kapteni. Lakini rada..."

"Nimekusikia, mwanangu. Nimekupokea kwa mikono miwili."

Na ndege ikaendelea kulekule ilikokuwa inakwenda.

Usimwonee huruma Domoina peke yake, wala usimlaumu Kapteni peke yake. Msichana alikuwa amefanya kila kitu ambacho mtoto mwenye malezi hufanya, na mzee alikuwa amepokea kama mzee mwenye malezi anavyopokea. Kila mmoja alikuwa ametimiza wajibu wake vizuri sana, na wote wawili walikuwa wanaingia kwenye wingu jeusi na watu hamsini nyuma yao.

Wingu likawapokea kwa mateke. Ndege ikadondoka, ikainuliwa, ikapigwa ubavuni. Mvua ya mawe ikagonga kioo. Huko nyuma mtu alikuwa anatapika, mwingine anasali, na mlango, pamoja na ugumu wake wote, haukuweza kuizuia sauti ya Bodomalala.

"Andri! Wewe Andri! Punguza mwendo, tumevaa hariri!"

"Ni kipande kidogo tu!" alijibu Kapteni, kana kwamba dada yake anaweza kumsikia.

Domoina akazungumza na mnara wa Sambava. Mtu wa mnara akasema mvua ni kubwa, mawingu yamelala juu ya minazi, upepo unageukageuka. Uwanja haujafungwa, kwa anayeuona. "Lakini nani anaendesha?" akauliza. Akaambiwa. "Aa," akasema. "Basi yeye anajua zaidi."

Wakaanza kushuka kuelekea uwanja, ambao kule umepakana na bahari kiasi kwamba rubani akiukosa kidogo tu anavua samaki. Sheria ya kushuka kwenye mawingu ni rahisi, hata mtoto angeielewa. Kuna kimo cha mwisho. Ukifika kwenye kimo hicho na hujauona uwanja, unapanda. Huulizi, huombi, hutoi hotuba, unapanda.

Kapteni alikuwa anashuka, macho mbele, mikono imara. Mikono yake ilikuwa imefanya kazi hii miaka mingi kiasi kwamba haikuhitaji sana kichwa, na kichwa kikatumia nafasi hiyo kurudi kwenye shughuli zake. Ile ya lamba aiweke wapi? Akiiweka mwanzo, Tombozafy ataijibu. Akiiweka mwisho, itakuwa imechelewa. Labda baada ya mababu. Lakini hapo pana neno halikai sawa. "Inapendeza" au "inafaa"? "Inapendeza" ni tamu, "inafaa" ina uzito.

Mashine ikapaza sauti kwamba kimo kimefika. Mashine haina adabu, haijivui lawama, na kwa sababu hiyo Kapteni alikuwa amezoea kutoisikia.

"Kapteni, tumefika kimo," alisema Domoina.

"Mm."

"Kapteni, samahani sana, sioni kitu. Kama itakupendeza..."

"Naona," alisema Kapteni. Na kweli aliona, mbele kidogo, mstari mweupe mrefu, halafu mwingine sambamba nao. Michoro ya njia ya kutua ndege. Moyo ukamtulia. Inapendeza, akaamua.

Mstari mweupe ukajikunja.

"Bahari!" alipiga kelele Domoina. "Hilo ni povu! Panda! Panda, wewe mzee, panda!"

Na hakungoja apande. Aliusukuma mkono wa Kapteni pamoja na vishikio vya injini mpaka mwisho, na Kapteni, bila kujua amefanyaje, akavuta usukani. Injini zikanguruma kwa nguvu zote. Kwa muda uliokuwa mrefu kuliko hotuba zote alizowahi kutoa, ndege ilining'inia pale chini, kisha vichwa vya minazi vikapita kwenye dirisha la kushoto. Vilipita ubavuni. Kapteni aliweza kuyaona makuti yakitetemeka, na nazi moja moja.

Halafu kukawa na weupe tu wa mawingu, na ndege inapanda.

Hasira ilimfika Kapteni kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu zaidi. "Wewe mzee"? Tangu alipotoka shule ya urubani hakuna mtu aliyemwambia "panda" bila kwanza kumwuliza habari za watoto.

"Tutazunguka," alisema, "tujaribu tena."

"Hapana," alisema Domoina.

Hakusema Kapteni. Hakusema samahani. Hakuwataja wazee, wala marubani waliofariki, wala mafundi. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mkono wa Kapteni, na haukuwa na nia ya kuondoka.

"Unanikatalia?"

"Ndiyo. Twende Antsiranana."

Kapteni alifungua mdomo ili amjibu. Alikuwa na majibu mengi, yote mazuri. Ndipo alipokumbuka kwamba kimo cha mwisho kilipita wakati yeye anachagua kati ya neno na neno. Akaogopa. Alikuwa hajaogopa kule chini kwenye minazi, muda haukutosha. Aliogopa sasa.

"Twende," alisema.

Domoina akachukua kipaza sauti akawaambia abiria kwamba hawatui Sambava, wanakwenda Antsiranana. Hakuongeza neno.

Antsiranana kulikuwa na jua, na upepo mkavu wa kupendeza, na mama mmoja anayekaanga ndizi kwenye mgahawa wa uwanja. Ukoo ulishuka ngazi mmoja mmoja, rangi zimewatoka, hariri zimechafuka kwa namna ambayo haifai kusimuliwa. Tahiry alikaa chini kwenye lami, akagoma kuinuka. Aliyekuwa mzima kabisa ni Bodomalala.

"Andri, hapa ni wapi?"

"Antsiranana, dada."

"Na bibi harusi yuko wapi?"

"Sambava."

"Sawa. Toa simu."

Kila mtu akaelewa. Posa haiwezi kusubiri, na siku hizi simu ina kipaza sauti. Wakaweka simu katikati ya meza ya mgahawa, juu ya kopo la sukari ili isikike vizuri. Ukoo ukajipanga nyuma yake, akina baba wakavaa kofia ili wapate kuzivua. Abiria wengine wakasogea, maana kabary ya bure haikataliwi, na mama wa ndizi akapunguza moto. Domoina alikaa pembeni, kwenye meza yake mwenyewe, na sahani ya ndizi ambayo hakuigusa.

"Sema ni hali ya hewa," Bodomalala alimnong'oneza kaka yake. "Au sema ni shirika. Au injini. Injini ni sababu nzuri, hawawezi kubisha."

Simu ikapokewa. Sauti ya Mzee Tombozafy ikatoka, nzito, haina haraka. Alisalimia walio karibu na walio mbali, akawataja waliotangulia, akauliza, kwa adabu iliyokuwa na kisu ndani yake, kama wageni wamepotea njia au wamebadili mawazo. Alikuwa fundi kweli. Watu wa nyanda za juu walitazamana.

Kapteni akasimama, akavua kofia, akaanza. Maneno yalikuja yenyewe, kama yalivyokuja siku zote. Yeye si mkubwa, ni kitinda mimba tu. Hakustahili kusimama. Waliokaa wamsamehe kwa kuwa amesimama. Wazee wakaanza kutikisa vichwa, Bodomalala akafumba macho kwa raha. Na katikati ya utamu huo Kapteni akasikia sauti yake mwenyewe, akasikia inavyoomba radhi kwa kusimama, kwa kuzaliwa mwisho, kwa viti vya watu. Akanyamaza.

"Mzee Tombozafy," alisema. "Nina kosa."

"Ehee!" ukaitikia ukoo. Mtindo mpya!

"Nilikaribia kuwaua watu hawa wote leo."

"Ehee! Sema!"

"Safi," alinong'ona Bodomalala. "Sasa panda kwa mababu."

"Hii si hotuba," alisema Kapteni.

"Si hotuba!" alirudia mjomba mmoja kwa furaha, akimpiga kiwiko jirani yake. "Umesikia hiyo? Si hotuba!" Wakapiga makofi. Mama wa ndizi naye akapiga makofi, mwiko mkononi.

"Nyamazeni!" alifoka Kapteni. "Nyamazeni, wapumbavu nyie, nasema kweli!"

Makofi yakakatika. Katika desturi zote za kabary hakuna mahali ambapo msemaji anawatukana watu wake mwenyewe, kwa hiyo hapo ndipo walipoanza kumsikiliza.

"Niliambiwa kuna mvua, nikasema najua zaidi. Rubani mwenzangu, Domoina, aliniambia tusiingie, mimi nikamsahihisha jinsi ya kuniambia. Nilipofika kwenye kimo cha mwisho sikuangalia kimo. Nilikuwa natafuta neno la kukushinda wewe, mzee. Nikaona povu la bahari nikadhani ni uwanja. Yeye ndiye aliyetupandisha. Si hali ya hewa, si shirika, si injini. Ni mimi."

Alikuwa analia, na hakukuwa na uzuri wowote katika kulia kwake. Pua ilikuwa inamchuruzika. Alitafuta leso, akaikosa, akajifuta kwa kofia.



"Tuliwasikia," ikasema simu. Ile sauti ya fundi haikuwepo tena. Aliyekuwa anazungumza sasa ni mzee tu. "Tulikuja wote kuwapokea. Tulikuwa tumesimama uwanjani na miavuli, bibi harusi Mihanta mbele. Hatukuona ndege. Tuliisikia ikija chini, chini, halafu ikapita minazini kule upande wa bahari, na tukangoja mshindo. Unanielewa? Tulisimama pale tunangoja mshindo. Mihanta mpaka sasa hajasema neno. Tumemfunika blanketi."

Tahiry, kule kwenye lami, akainuka.

"Mimi nilikuwa nimejiandaa kukutoza faini ya kuchelewa," alisema Mzee Tombozafy. "Nilikuwa nimeipamba. Sasa sina faini ya kitu kama hicho. Binti tutampa kijana wenu, wanapendana. Lakini kijana aje kwa barabara. Na nyie nyote mje kwa barabara. Hatumpi mtoto wetu mtu atakayerushwa na wewe."

Akakata simu bila kuaga, jambo ambalo mtu wa pwani au wa nyanda za juu hajawahi kulifanya tangu kisiwa kiumbwe.

Kapteni alibaki amesimama, akingoja dada yake aseme kitu. Alitazamia atetewe. Bodomalala alitetea watu wake hata wakiwa wameiba.

"Hiyo minazi," aliuliza Bodomalala, "ilikuwa chini yetu?"

"Ilikuwa ubavuni, dada."

Bodomalala akakaa. Akaitazama bahasha, akamtazama mwanawe wa pekee anayekuja kutoka kule kwenye lami na suruali yake chafu, akatazama meza ya pembeni. Kisha akainuka, akaenda pale alipokaa Domoina. Alipofika akainama, mkono mmoja mbele, kama wanavyoinama watoto wakipita mbele ya wakubwa. Mgahawa mzima ulimwona. Domoina akaruka kutoka kwenye kiti ili amzuie, lakini yule mama hakuzuilika, akainama mpaka alipotaka yeye. Aliporudi alianza kutoa amri: nani atafute gari, nani atafute maji, nani anunue ndizi za njiani.

Barabara ya kutoka Antsiranana kwenda Sambava, msimu wa mvua, ni matope yanayoanza baada ya mji na kuendelea kwa imani. Madereva hawakuahidi kufika kesho, wala kesho kutwa. Hata hivyo ukoo mzima ulipanda gari bila kunung'unika, hariri zao wamezikunja magotini, wakibanana kwa furaha ya watu waliokubali kuchelewa. Hata abiria wengine waliuliza kama kuna nafasi.

Kapteni akawafuata mpaka mlangoni mwa gari, kofia mkononi.

"Na mimi, dada? Nipande wapi?"

Bodomalala akamtazama kutoka juu, bila chuki.

"Wewe si una ndege?" alisema, akafunga mlango.

Gari likaondoka likitimua vumbi, maana matope yalikuwa bado mbele. Kapteni alisimama pale mpaka vumbi likatua kwenye mabega yake yenye mistari ya dhahabu. Alikuwa anaona aibu. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia ameona aibu vizuri.

Alirudi mgahawani akakaa kwenye meza ya Domoina, upande wa pili. Msichana alikuwa ameanza kula.

"Hali ya hewa ya kesho ikoje?" alimwuliza.

Domoina aliweka ndizi chini, akafuta vidole, akakaa sawa. Kapteni alimwona anavyojikusanya, anavyoanza kuwatafuta wazee wa kuwaomba radhi, na moyo ukampiga kwa hofu ileile ya kule mawinguni.

"Mbaya," alisema Domoina.

"Basi tunakaa," alisema Kapteni, akaagiza chai.